Asubuhi nazi ilipomponyoka Mama

Ilikuwa mwaka 2017, Mbagala, kama saa moja na nusu asubuhi. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi ya mihogo. Nikasikia kifuu kikianguka. Kugeuka, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama si wake, nazi imemwagikia kanga, mdomo umekwenda upande. "Mama, vipi?" Ilitoka sauti tu, haikuwa neno.

Shangazi akasema ni upepo mbaya, afukizwe kwanza. Nami nikakubali. Hilo sijajisamehe. Tulimfukiza ubani, tukamkanda kwa mafuta ya habasoda, mchana ukatupita. Hospitali tulifika saa tisa alasiri.

Daktari kijana alituonyesha picha ya kichwa kwenye kompyuta. Mshipa ungekuwa umepasuka, alisema, damu ingeonekana nyeupe. Pale palikuwa na kivuli cheusi, upande wa kushoto.

"Lakini daktari, uliopooza ni mkono wa kulia."

Akaniambia mishipa ya fahamu hupishana: kushoto kwa ubongo ndiko kunakoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi maneno nayo hutokea hukohuko. Ni kiharusi: donge la damu limeziba mshipa. Ubongo hauna akiba ya hewa wala sukari, ukikosa damu chembe zake huanza kufa ndani ya dakika chache. Kandokando hubaki sehemu inayojikongoja, inangoja damu irudi. Dawa ya kuyeyusha donge ina saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze. Nikahesabu kwa vidole. Sisi zilikuwa saba na nusu.

"Presha alikuwa nayo?"

Alikuwa nayo. Usiku ule nilivikuta vidonge vyake ndani ya kopo la majani ya chai, karatasi mbili nzima hazijaguswa. Kichwa kilikuwa hakimuumi tena, basi akaviacha. Kumbe miaka yote hiyo damu inapiga kuta za mishipa yake, inazikomaza, njia inazidi kuwa nyembamba, naye anapika, anacheka, anatuamsha shule.

Siku ya tatu Shangazi akaketi kitandani kumsomea Al-Fatiha. Mama akaidaka katikati, akaenda nayo mpaka mwisho bila kukwama, herufi zote mahali pake. Nililia. Nikamsogelea, nikamshika ule mkono mzima. Akanitazama sana, akafungua mdomo aniite.

"Ki... ki..."

Akageuzia uso ukutani.