Stesheni ya Kigoma na ziwa lake

Leo nilimsindikiza shangazi stesheni kumpokea mgeni wake kutoka Tabora, na kwa kuwa tulifika mapema nilipata wasaa wa kuzitazama zile kuta nyeupe na matao yake. Jengo lile liko hatua chache tu kutoka bandarini, na ninaamini kuwa thamani yake yote imo katika ujirani huo. Wajerumani walioanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, baada ya zaidi ya kilomita 1,200, walikuwa wakililenga Ziwa Tanganyika na biashara ya Kongo. Misafara ya zamani iliishia Ujiji, lakini ghuba ya Kigoma ilifaa zaidi kwa meli, hivyo reli ikaletwa huku na Ujiji ukaachwa pembeni.

Reli hii ndiyo iliyoleta meli ya Goetzen, ambayo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku, kisha ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba.

Kila tunapolisifu jengo hili tunawataja Wajerumani, ilhali waliochimba matuta, wakabeba vyuma na mataruma, na kuivusha njia juu ya Malagarasi walikuwa vibarua Waafrika, Wanyamwezi wengi wakiwemo. Kwangu mimi sifa ya kwanza ni yao.

Mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, yenye kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, nami naisubiri kwa furaha, kwa sababu mkoa huu umekaa mbali na nchi nzima kwa muda mrefu mno. Hata hivyo, sitaki stesheni ya zamani igeuzwe makumbusho ya kufunguliwa wageni wanapokuja. Ipewe kazi inayolingana na mahali ilipo: tiketi za meli ziuzwe humo, abiria wa Burundi na Kongo wapumzike chini ya matao yale, na akina mama wa dagaa na mawese wapate mahali pa kuhifadhi mizigo yao wakingoja kusafiri.