Jumamosi yangu: kutoka joging ya alfajiri hadi uwanja wa mchangani

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Nilisomea hospitali ya KCMC, Moshi, na sasa nafanya kazi kwenye kliniki ndogo huku Temeke, Dar es Salaam. Jumamosi ndiyo siku yangu ndefu kuliko zote, kwa sababu ndiyo siku watu wengi wa mjini hufanya mazoezi.

Saa 12:00 asubuhi

Klabu ya joging ya mtaani imeshajipanga barabarani, fulana za sare, filimbi, nyimbo. Nawapenda watu hawa. Mama mmoja mgeni ananijia akiwa na hamu: "Dada, leo nakimbia nao kilomita zote nane." Namuuliza mara ya mwisho alikimbia lini. Anasema alipokuwa shule ya msingi.

Tunakubaliana akimbie dakika 1, atembee dakika 2, arudie mara nane, basi. Moyo na mapafu huanza kuzoea ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huenda polepole zaidi. Ndiyo maana watu wengi huumia pale wanapoanza kujisikia wana nguvu: pumzi ipo, miguu bado. Namwambia pia asiache kuitikia nyimbo. Anayekimbia na bado anaweza kuitikia, kasi inamfaa. Akishindwa kutoa hata kiitikio, atembee.

Kabla hawajaondoka napitia raba. Nyingi ni za mtumba, na hilo halina ubaya, ila nazigeuza kutazama soli. Iliyolika upande mmoja wa kisigino naomba ibaki ya kuendea sokoni.

Saa 3:00

Kliniki. Binti wa chuo analalamika mfupa wa muundi. Alianza kukimbia mwezi uliopita, siku tano kwa wiki, kwenye lami. Namwomba anionyeshe panapouma. Angepitisha kiganja chote juu ya mfupa ningekuwa na wasiwasi kidogo tu. Yeye anaweka ncha ya kidole kimoja, mahali pamoja, na anasema usiku pia panauma. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Namsimamisha kukimbia na kumwandikia akamwone daktari apigwe picha.

Saa 5:00

Analetwa baba wa miaka 46, bado amevaa jezi ya maveterani. Wiki nzima alikuwa amekaa ofisini. Leo alifika uwanjani mechi imeshaanza, akavaa viatu, akaingia. Alipochomoka kuufuata mpira alihisi kama amepigwa teke kisiginoni. Akageuka kumtafuta aliyempiga. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Maneno hayo nikiyasikia, moyo unanishuka. Namlaza kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, naminya shavu la mguu. Mguu usioumia, unyayo unajisogeza wenyewe. Mguu unaouma, naminya mara mbili, unyayo umetulia vilevile. Kano kubwa ya kisigino imekatika.

Hapa mimi sina zoezi. Nauegemeza mguu, vidole vikiwa vimeelekea chini, namwambia asiukanyage, namwandikia barua ya rufaa kwa daktari wa mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli siku mbili au zaidi. Wengi wa rika lake wanataka kuzimaliza zote kwenye mechi moja.

Saa 10:00 jioni

Mechi ya ndondo, uwanja wa mchanga. Kocha wa vijana amekubali kutumia FIFA 11+, programu ya kupasha mwili moto na kuzuia majeraha, na leo nasimamia. Ni dakika 20 hivi: kukimbia taratibu, kisha nguvu, kusimama bila kuyumba na kuruka, kisha mbio za kasi. Zoezi wanalolichukia ni lile la msuli wa nyuma wa paja: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo, unashuka mbele polepole ukijizuia usianguke. Nawaambia wafanye machache, lakini wasidanganye.

Kipindi cha pili kijana wa miaka 17 anakanyaga shimo, mguu unapinduka kwa ndani. Nikifika, birika la maji ya moto limeshaagizwa na mzee mmoja ameushika mguu, anataka kuuvuta.

"Shikamoo baba. Naomba tusimkande kwanza."

"Marahaba, mwanangu. Sisi tumekandwa tangu utotoni."

"Ni kweli, baba. Ila siku tatu za mwanzo moto na kuchua huzidisha uvimbe."

Anauachia, na namshukuru. Nabonyeza mfupa wa kifundo pande zote mbili, ukingo wa nyuma hadi nchani, kisha mifupa ya unyayo, upande wa nje na wa ndani. Mfupa hauumi, kinachouma ni nyama na kano za mbele yake. Namwomba apige hatua nne. Anachechemea, lakini anafika. Angeshindwa, au mfupa ungeuma, tungekwenda kupiga picha. Tunafunga bandeji, tunaweka mfuko wa maji baridi juu ya kitambaa, tunauinua mguu juu ya benchi. Jumatatu aje kliniki. Akishaweza kukanyaga vizuri ataanza kusimama kwa mguu mmoja wakati anapiga mswaki, maana kifundo kilichoteguka na kuachwa bila mazoezi huteguka tena kirahisi.

Saa 3:00 usiku

Simu. Ni yule baba wa jezi ya maveterani. Daktari amemwona, amefungwa plasta, na anataka kujua kama baada ya miezi mitatu atakuwa uwanjani. Namwambia ukweli: kwa kano hiyo ni miezi 6 hadi 12.

Ananyamaza. Kisha anauliza zoezi la kwanza litakuwa lipi.

Vidole, namwambia. Ukiwa umelala, mguu uko juu ya mto, chezesha vidole polepole.