Tulivyogawana wimbo mmoja bila bendi kuvunjika

Bendi yetu ya muziki wa dansi ilikaa miaka sita bila mtu kuuliza ni nani hasa mtunzi wa nyimbo tunazopiga. Fedha za mlangoni tuligawana usiku uleule, na mambo yakaishia hapo. Kisha kampuni moja ikataka kutumia katika tangazo wimbo wetu unaomhusu mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Karatasi iliyoletwa ilikuwa na safu mbili tu, jina la mtunzi na asilimia yake, na safu hizo nusura zitutawanye.

Kwa kuwa mashairi niliyaandika mimi na sauti ya kuyaimbia, yaani melodi, niliitoa mimi, nilijaza jina langu na asilimia 100, tena kwa wino. Mzee wetu wa tumba, ambaye alikuwa akipiga muziki kabla sijazaliwa, aliisoma karatasi ile, akaikunja mara nne, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na sisi wengine studio tulikwenda kufukuza nzi?"

Ushauri ukaanza kumiminika. Mtayarishaji mmoja aliniambia kwamba mwenye maneno ndiye mwenye wimbo, jambo ambalo ni upuuzi, kwa maana maneno ni kazi moja na muziki wake ni kazi nyingine, na muziki mtupu usio na neno hata moja una mtunzi wake. Mwingine alisema tugawane sawa kwa sawa kama Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza. Ni kweli kwamba Queen waliandika jina la bendi kwenye nyimbo zote za albamu yao ya mwaka 1989, lakini wao walikuwa watu wanne walewale tangu mwaka 1971. Bendi ya dansi hubadilisha wapiga besi kama inavyobadilisha sare, na besi wetu wa sasa alijiunga wakati wimbo ule umekwisha kurekodiwa na kuzoeleka. Sawa kwa sawa na nani, basi?

Nikabuni njia yangu, na ninaisimulia kwa aibu. Nilimpa kila mmoja kikaratasi, nikamwomba aandike kwa siri majina ya wanamuziki wote na kugawa asilimia 100 kadiri anavyoona haki, nikiamini kwamba wastani utatupa jibu ambalo hakuna atakayelilaumu. Tulipojumlisha kile ambacho kila mtu alijiandikia mwenyewe, wimbo wetu ulikuwa na asilimia 340. Mpiga besi, ambaye hakuwepo ulipotungwa, alijipa 30. Mpuliza saksafoni peke yake alijiandikia sifuri, nami nikamsifu mbele ya wenzake kwa unyenyekevu, kumbe alikuwa amesusa. Jumamosi iliyofuata hakuonekana ukumbini, na tulipiga wimbo ule bila saksafoni, ukasikika kama nyumba isiyo na mlango.

Hapo ndipo nilipopata akili. Pembeni mwa chumba tunachofanyia mazoezi kuna mama ntilie ambaye amekwisha kuusikia wimbo huo kuliko wake zetu. Nilimbembeleza mpuliza saksafoni arudi, nikamweleza mama kwamba tutapiga mafungu mafungu, naye kazi yake ni kutuambia huo ni wimbo gani. Tulipiga bila besi, akasema, "Si ule wenu wa kodi?" Tulipiga bila tumba, akajibu vilevile. Tukamkaribisha mpiga gitaa mgeni apige solo yake mwenyewe, mama akasema ni uleule wa kodi, ila leo kijana amekula akashiba. Nilipoimba mashairi yangu kwa melodi nyingine kabisa, alisita, akasema maneno anayajua lakini wimbo hajapata kuusikia. Mwisho saksafoni ikapuliza peke yake kile kipande cha mwanzo, bila neno wala gitaa, na mama, akiwa na mwiko mkononi na mvuke wa wali usoni, akadakia mstari wa kwanza kabla kipande hakijaisha. Wote tukageuka kumtazama mpulizaji, ambaye alijifanya anafuta ala yake kwa leso.

Kipande kile nilikuwa nikikiita mapambo. Wakili mmoja, niliyemlipa kwa chakula cha mchana na kiasi fulani cha fedha, alinieleza habari za mpiga kinanda wa bendi ya Kiingereza ya Procol Harum, Matthew Fisher, ambaye kipande chake katika wimbo wa mwaka 1967 kilimfanya atambuliwe kuwa mtunzi mwenza kwa asilimia 40 ya muziki, uamuzi uliothibitishwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 2009. Niliona afadhali kukubali mwenyewe kuliko kuburutwa.

Tukaandika hivi: mimi 60, saksafoni 20, mpiga gitaa aliyebuni mpangilio wa chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, na kodi zake (za gitaa, si za nyumba) 15, na mfuko wa bendi 5. Mzee wa tumba alitulia niliposoma naye sheria yetu ya mwaka 1999, inayotenganisha hakimiliki ya mtunzi na hakishiriki ya mpigaji. Malipo yanayotokana na rekodi yenyewe tunagawana sawa sisi tuliokuwa studio siku ile, akiwamo besi wa zamani, tuliyemfuata hadi Morogoro kwa nauli iliyozidi kidogo mgao wake wa kwanza. Usajili ulikwenda bila shida.

Siku hizi mazoezi yote yanarekodiwa kwenye simu, na anayeleta kipande kipya hutajwa jina na tarehe kabla hatujaendelea, maana baada ya fedha kuingia kila mtu hukumbuka vizuri mno. Wiki iliyopita mzee wa tumba alibuni mdundo wa kuingilia kwenye kiitikio, akanitaka nilitaje jina lake mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza bodaboda ilikuwa inapita.