Uji wa mgonjwa wa kiharusi
Katika wodi ya wagonjwa wa kiharusi, jambo ninalolisimamia kwa ukali kuliko yote ni kumeza, kwa sababu ndugu anayeleta uji kwa mapenzi anaweza kumsababishia mgonjwa wake nimonia endapo atapaliwa na chakula kikaingia mapafuni, na wengine hupaliwa bila hata kukohoa. Maji matupu, ambayo wengi huyaona salama, huteleza kooni upesi kuliko uji mzito, hivyo humpalia mgonjwa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo tunapima kwanza uwezo wa kumeza, tunamketisha wima, tunamlisha kwa kijiko kidogo upande wenye nguvu, kisha tunakagua shavu lililolegea, maana mabaki hujificha humo. Kumgeuza kitandani kila baada ya saa 2, ili asipate vidonda vya kulala, tayari kunafahamika. Lakini kumwinua kwa kuuvuta mkono uliopooza, jambo linaloweza kulitegua bega, bado ni kosa ninalolikemea.