Bwana Shamba

"Baba, hili jani lina ndimi mbili. Nilikate?"

Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Kuinua kichwa, namwona binti yangu dirishani, mkasi wa kucha mkononi, ameinamia moja ya yale makopo yangu ya maua. Nikasema "Acha!" kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo. Mkasi ukaanguka. Mama yake akatoka jikoni mbio kuuliza nyoka yuko wapi.

Hakukuwa na nyoka. Kulikuwa na jani, ambalo kwa sababu zake limeota na ncha mbili badala ya moja. Ofisini nilichelewa, na njia nzima kimawazo nilikuwa Amani, kwa Bibi, kule milima ya Usambara.

Ni ule mwaka wa El Nino, mwisho wa 1997. Nimemaliza darasa la tano, nimepelekwa kwa Bibi likizo ya Desemba. Mvua ikanyesha kama imekodiwa. Gari la Muheza likawa linapanda siku moja, siku tatu halipandi, na likizo yangu ikajinyoosha yenyewe. Ya kufanya hayakuwepo. Nguo hazikauki, iliki inakaushwa juu ya moto ndani ya nyumba mpaka chai, uji na shuka vyote vinanukia iliki, na mimi nimekaa barazani nikiyatazama makopo ya Bibi.

Babu, kabla hajafariki, alikuwa mtunza bustani pale kwenye kituo cha utafiti, kile walichokianzisha Wajerumani mwaka 1902. Mapenzi ya maua alimwachia Bibi pamoja na deni la duka. Bibi alikuwa na makopo tisa ya Blue Band, yote yana ua lilelile, ila la namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ya mwambani, inayoota yenyewe kwenye mawe yenye kivuli na unyevu: jani la duara, la kijani kizito, lina malaika kama mkono wa mtoto, na ua dogo la rangi ya urujuani. Namna ya pili ilikuwa kwenye kopo moja tu. Mzungu mmoja mtafiti alipomaliza kazi yake aliliacha hapo akaenda zake. Hilo kingo zake zilikuwa na mawimbi, na pale jani linapoungana na kikonyo palikuwa na baka jeupe, kama mtoto aliyecheua maziwa.

"Hili ni lilelile la kwetu," Bibi aliwaambia wageni. "Lilikwenda Ulaya kusoma. Limerudi linajifanya limesahau Kisambaa."

Niliona ni utani wa Bibi. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba hakukosea hata neno. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka ua hili kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la ukoo huo: Saintpaulia. (Siku hizi wataalamu wamelinyang'anya hata hilo jina, wamelihamishia kwenye jenasi nyingine, yaani kundi jingine la mimea. Ua halijaulizwa.) Wajerumani wenyewe wanaliita urujuani wa Usambara. Kutoka Ulaya likavuka hadi Marekani, na huko, miaka ya 1940, mmea mmoja wenye majani ya kawaida ulitoa ghafla majani yenye mawimbi na baka jeupe. Ule wa kawaida ulikuwa unaitwa Blue Boy, yaani mvulana wa buluu, basi huu mpya wakauita Blue Girl, msichana wa buluu, na mpaka leo wapenzi wa maua haya wanasema kuna jani la kiume na jani la kike. Uume na uke haumo humo hata kidogo, kwani kila ua lina vyote viwili. Lakini jina likishashika, nani wa kulibandua.

Sasa kwenye hilo kopo la msomi, mwezi ule, likatokea jani la ajabu. Kingo zake mbili zilikuwa zimeshikana kuanzia chini, hivyo badala ya kulala kama sahani likasimama kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Asubuhi ukungu ukipita unakuta ndani yake tone moja la maji, limetulia. Bibi alilipenda jani lile kupita kiasi. Kila asubuhi aliligeuza kopo ili faneli itazame njiani, na mtu akipiga hodi tu anaambiwa, "Karibu, kikombe chako hicho hapo, chai inachemka."

Hakuna aliyeniambia nisiguse. Nani angewaza?

Tatizo lilikuwa shule. Mwaka ule tulifundishwa batobato ya muhogo, na mwalimu wetu wa kilimo alikuwa mtu wa kukazia. Jani likijikunja, likiwa na mabaka, huo ni ugonjwa, ng'oa, choma moto, usiuonee huruma maana kesho utakuwa shamba zima. Nilipata tisa kwa kumi. Nikalitazama lile kopo. Kujikunja, lipo. Baka, lipo. Na majani mengine yote ya kopo lile yana baka! Bibi wa watu hajui kwamba anafuga maradhi barazani, na makopo manane mengine yako jirani yake.

Nilisubiri aende msibani.

Hapa kumbukumbu yangu, ambayo siku hizi haikumbuki hata nimeweka wapi funguo, inakuwa safi kabisa. Nilianza na majani mawili madogo ya katikati, yaliyokuwa bado yamejifunga. Kisha nikaishika faneli chini, kwenye kikonyo. Ilikuwa baridi, na yale malaika yalinitekenya. Nikavuta kidogo, ikagoma. Nikaipinda kando, na ikakatika *tik*, kama bamia changa. Lile tone la asubuhi bado lilikuwa ndani. Likanimwagikia kifundoni likateremka hadi kwenye kiwiko. Ninakumbuka kwamba nililifuta haraka kwenye kaptula, kwa kuogopa kuambukizwa.

Madogo mawili yalikuwa yameshaingia jikoni, motoni, yamefanya *shii* yakaisha. Faneli nilikuwa nayo mkononi Bibi alipoingia, khanga imelowa mpaka mabegani.

"Mume wangu, unafanya nini?"

Nikamweleza. Kwa fahari, nakiri. Batobato, inavyoenea, mwalimu alivyosema. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikilizwa mtu wa serikali. Halafu akanyoosha kiganja, nikaiweka faneli pale. Akaitazama ndani, kwenye tundu lake, muda mrefu kidogo.

"Kumbe tuna Bwana Shamba nyumbani," akasema, "na hatujamwandalia hata kiti."

Basi. Hakunichapa, hakupandisha sauti. Alitafuta wembe, akakipunguza kikonyo mshazari, akakichomeka kwenye mchanga wenye samadi iliyooza, akafunika na mfuko wa plastiki. Kuniita "mume wangu" kukaishia hapo.

Pasaka nilirudi. Chini ya jani kulikuwa na vichipukizi vitano. Bibi alinikalisha nivitazame kimoja kimoja. Vyote vina baka, vyote vina mawimbi, na vyote vimelala bapa kama sahani. Baka hurithiwa. Ile faneli, kumbe, ilikuwa ajali tu ya jani moja lilipokuwa linaumbwa, na ajali hairithiwi. Mama yao, kwenye kopo lake, moyo ulikuwa umekauka. Kufika sabasaba hakuwepo.

Nimewahi kujitetea. Nimesoma kuhusu utitiri mdogo usioonekana kwa macho, unaoingia kwenye moyo wa mmea huu na kuyafanya majani machanga yakunjamane, yajae manyoya, yawe magumu na ya kuvunjika, na ushauri wa wengi ni kutupa mmea wote. Sasa kama ni huo? Kama mtoto wa darasa la tano alikuwa sahihi? Lakini utitiri ungesafiri na jani hadi kwa watoto, na wale watano waliishi, wakazaa na wakajukuu. Kila nikikata rufaa, kesi inanilalia mimi.

Bibi alifariki mwaka 2009. Mpaka siku zake za mwisho alikuwa anauliza watu, "Bwana Shamba wangu hajambo?" Mimi ni mhasibu. Msibani wazee watatu walinivuta pembeni kuniuliza kuhusu mnyauko wa migomba.

Leo jioni nimerudi, nimeliinamia kopo na tochi ya simu. Moyo wa mmea ni laini, majani machanga yanafunguka vizuri. Lile la ndimi mbili ni la pembeni, kubwa, zima. Binti yangu akaja akasimama nyuma yangu, bado amenuna.

"Linaumwa?"

"Sidhani."

"Sasa asubuhi ulinipigia kelele ya nini?"

Nikamwambia ni habari ndefu, tule kwanza. Tulipokwisha kula alikuwa ameshalala. Kwenda kufunga pazia, nikakuta kopo limegeuzwa, jani linatazama mlangoni. Mama yake anasema si yeye.