Nilivyoielewa "outturn" ya korosho kwa kisu na mizani

Msimu wa minada, kwenye karatasi za maghala ya huku Tandahimba na Newala, unakuta 48 au 51 pembeni ya neno outturn. Wengi huisoma kama asilimia. Mimi nilikuwa nafasiri "mavuno", nako ni kukosea, maana mkulima anafikiria shamba lake.

Nilifunguka niliporudi kwenye asili ya neno. Waingereza wana kitenzi turn out, yaani kutokea au kuishia kuwa. Wakakipindua, out ikatangulia, likawa jina: kilichotoka kweli, si kilichotarajiwa. Bandarini ni shehena iliyoshuka hasa, ikilinganishwa na iliyoandikwa kwenye hati. Serikali ya Uingereza huita hivyo matumizi halisi dhidi ya bajeti. Kwenye korosho, ni ratili (pauni za uzito) za korosho karanga nzuri, yaani viini vilivyobanguliwa, zinazotoka katika kilo 80 za korosho ghafi zenye ganda. Hizo 80 hazibadiliki, hata gunia lako likiwa na uzito mwingine.

Neno likishaeleweka, pima. Mimi huchoma bambo (chuma cha kutolea sampuli guniani) juu, katikati na chini ya magunia, nachanganya, napima kilo 1 kamili kwa mizani inayosoma gramu moja moja. Nakata zote. Vaa glavu, mafuta ya ganda yanababua ngozi. Vipande vilivyonasa kwenye ganda navitoa kwa ncha ya kisu. Ukiviacha umempunja mkulima. Ngozi nyekundu ya ndani haimenywi, hupimwa nayo. Tupu na zilizooza hazihesabiwi, lakini usizitupe kabla ya kupima ile kilo, kwani uzito wake ni sehemu ya mzigo.

Tuseme nzuri ni gramu 270, zenye madoa kiasi na zilizosinyaa gramu 30. Hizo za pili huchukuliwa nusu, 15. Jumla 285. Zidisha kwa 80, unapata gramu 22,800. Gawanya kwa 453.6, ambazo ni ratili moja. Jibu ni 50.3. Kwa asilimia ni 28.5 tu, ndiyo maana kuzichanganya ni hatari.

Korosho ambazo hazijakauka ndizo zinazoshusha namba bila mtu kuelewa: maji yamo ndani ya ile kilo. Zianike hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 10, kisha ndipo ukate.