Tulivyoanzisha raga kwenye uwanja wa ndondo, Pasua

Ukipita Moshi mjini umebeba mpira wa raga, lazima mtu akuulize nani kaukalia. Nilishazoea. Kilichonipa kazi nilipotaka kuanzisha raga ya watoto Pasua ni uwanja. Kila kipande cha ardhi tambarare kina wenyewe, na wenyewe ni watu wa soka: jioni mazoezi, wikiendi ndondo. Sikugombea jioni. Nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha nikamfuata kocha wa timu ya pale, nikaomba Jumamosi asubuhi, muda ambao uwanja ni wa mbuzi. "Chukua, ila magoli yangu usiyaguse," akasema. Hatukuyahitaji.

Tulianza na raga isiyo na kuangushana. Kila mtoto anachomeka tepe mbili kiunoni, moja kila upande. Mpinzani akichomoa moja, mwenye mpira lazima apasi. Fundi cherehani mmoja wa Mbuyuni alinikatia vipande vya kitenge na kuvipinda kingo visichanike. Urefu ulimsumbua kidogo. Vifupi havishikiki, virefu mtoto anavikanyaga mwenyewe. Tukakubaliana viishie juu kidogo ya goti, na vichomekwe kwa wepesi, kwa sababu vikibana sana anayevuta anaondoka na bukta ya mwenzake.

Wazazi nao walikuwa na lao. "Mwalimu, huo si ule wa kubwagana? Mwanangu akivunjika shingo nitamwambia nini baba yake?" mama mmoja aliniuliza. Sikubishana naye. Nilimwomba aje akae pembeni aone. Wiki iliyofuata alimleta mtoto na dada yake. Hapo ndipo tulipoanza kujaa: wasichana, pamoja na wale wavulana wanene ambao kwenye chandimu kazi yao ni kukaa golini.

Sheria iliyowatesa ni ya kutopasi mbele. Mtoto wa soka anamwona mwenzake kule mbele yuko peke yake, mkono unajirushia tu. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Mwishowe nikatoa simu, nikawaonyesha fainali ya Olimpiki ya Rio 2016, Fiji na Uingereza. Raga ya wachezaji 7 kila upande. Mapumziko Fiji 29-0, mwisho 43-7, na hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi ile ya visiwa yenye watu wasiofika milioni moja. Vijana hawakujali matokeo. Walikodolea macho mchezaji aliyekamatwa, mwili unakwenda chini, huku mkono mmoja umeshauachia mpira kwa anayekuja nyuma yake. "Kocha, rudisha hapo." Nikarudisha. Jumamosi ile walikuwa wanapasiana hata chupa za maji.

Wapo wanaopenda kuitaja Fiji kama ushahidi kwamba mnyonge anaweza. Mimi sioni kama inatuhusu sana. Kule raga ndiyo Simba na Yanga yao. Mfano wetu ni Wakenya, hapo tu ng'ambo ya Holili. Nao ni watu wa soka, lakini mwaka huohuo wa 2016 waliichapa Fiji hiyohiyo 30-7 kwenye fainali ya mashindano ya raga ya wachezaji 7 ya Singapore.

Sasa wakubwa wanadai kuangushana. Nimekubali, ila si kwenye ardhi ya kiangazi, ngumu kama sakafu. Tunasubiri masika, au tunaomba sehemu yenye nyasi. Wanaanza wote wawili wakiwa wamepiga magoti: bega kwenye paja, kichwa nyuma ya makalio ya mwenzako na kamwe si mbele yake, mikono ikumbatie. Wakizoea wanasimama na kutembea. Kukimbia ni baadaye, na anayekamata juu ya mabega anakaa nje siku hiyo. Wadogo wananuna, lakini wao wanaendelea na vitenge vyao.